Mahali Alipolala Kadogo

Mgeni alisema amekuja kutafuta ngozi za kondoo, na wifi hakumwamini tangu neno la kwanza.

"Mtu wa ngozi huuliza ngozi," wifi alimwambia Mama Funguo jikoni, huku akikata mkate kwa hasira kana kwamba ndio uliomkosea. "Huyu hajauliza hata moja. Ameuliza nyumba ina vyumba vingapi. Ngozi na vyumba wapi na wapi?"

Mama Funguo alikuwa akimtazama mgeni kupitia dirisha. Mwanamke wa makamo, mnene kiasi, koti la bluu limembana mabegani, amesimama uani peke yake huku upepo ukimpiga. Lori la posta lililomleta lilikuwa limeshapotea nyuma ya kilima, na halingerudi mpaka wiki ijayo. Mtu mwingine angekimbilia ndani. Yeye aligeuka polepole palepale alipo, kama mtu aliyepoteza kitu na hataki kuulizwa amepoteza nini.

"Mpe chai," Mama Funguo alisema mwishowe. "Mengine tutayaona."

Shamba lile liko kusini kabisa, mahali ambapo barabara yenyewe inachoka. Ukilivuka unakutana na bahari ya baridi, na baada ya bahari hakuna kitu. Babu yake Mama Funguo alifika pale akiwa kijana, ametumwa na kanisa lake, akiwa na mke, kengele, na nyumba nzima ya mbao na mabati iliyopakiwa melini vipande vipande. Alitumwa kuwahubiria watu waliokuwa wakiishi kwenye vighuba vya pwani ile. Alihubiri miaka kadhaa. Kisha surua ikaingia, watu wakafa, waliobaki wakahama, na kule alikotoka kanisa likachoka kutuma misaada. Mchungaji akajiuzulu, akaomba ardhi, akapewa kuanzia ufukweni mpaka upande wa pili wa kilima, akaleta kondoo. Watani walisema mchungaji alikuja kuchunga watu akaishia kuchunga kondoo, na tofauti hakuiona. Familia iliuwahi utani huo: waliusimulia wao kwanza, wakacheka wao kwanza, ili watu wa nje wasipate cha kuongeza.

Mchungaji alipokufa shamba lilimwangukia mwanawe, na mwanawe alipokufa likawaangukia wajukuu wawili. Mkubwa, ambaye kila mtu pale alimwita Kaka, aliongoza kondoo, uzio na watu. Mdogo alikuwa Mama Funguo. Hakuwahi kuzaa wala kuolewa. Aliitwa hivyo kwa sababu tangu mama yao alipofariki kitita cha funguo kilihamia kiunoni mwake na hakikutoka tena. Kulikuwa na wifi, mke wa Kaka. Na ghorofani, kwenye chumba kinachoangalia bahari, alikuwepo shangazi yao, mtoto wa mwisho wa mchungaji aliyebaki hai, mzee sana, kichwa chake kizuri pale anapotaka kiwe kizuri.

Sufu ilipokosa soko walianza kupokea wageni wa kiangazi, watu wa mijini waliopenda kuona nyumba ya kale na kunusa maisha magumu ya wengine. Mama Funguo ndiye aliyewatembeza. Aliwaonyesha kengele, kikanisa, josho la kuogeshea kondoo, kisha akawaleta sebuleni mbele ya picha. Mchungaji amekaa, mkewe amesimama, watoto wamepangwa kwa kimo. Pembeni kabisa, hatua moja mbali na wengine, msichana wa nywele nyeusi, mwenye aproni kubwa kuliko yeye.

"Na huyu ni Kadogo," husema Mama Funguo. "Wazazi wake walikufa kwa surua. Babu na bibi walimchukua wakamlea kama mtoto wa kumzaa. Alilala chumba kimoja na shangazi yangu, kitanda kimoja."

Hapo wageni huguna kwa huruma. Kuna wanaofuta machozi.

Mgeni wa koti la bluu hakuguna. Aliitazama picha kwa muda mrefu mpaka Mama Funguo akaona aibu bila kujua aibu ya nini.

"Chumba gani?" aliuliza.

"Cha juu. Shangazi bado anakitumia."

"Naweza kukiona?"

Walipanda. Shangazi alikuwa amesinzia kitini. Mgeni hakumtazama mzee, hakutazama kitanda wala msalaba ukutani. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Hili dirisha lilikuwa hapahapa siku zote?"

"Siku zote."

"Na vyumba vyote vya juu vinaangalia bahari?"

"Vyote. Babu alitaka aamke aione meli, kama itakuja."

Mgeni alitikisa kichwa, na Mama Funguo aliona wazi kwamba jibu halikumfurahisha. Shangazi akafumbua jicho moja. "Nani huyo?" akauliza. "Mgeni tu, shangazi." Mzee akamkagua yule mwanamke kuanzia viatuni mpaka usoni, akafunga tena jicho lake, lakini hakurudi usingizini. Mama Funguo alimjua. Akisinzia kweli, mdomo huachama.

Kesho yake wifi alitoka stoo mbio, ameshika kifua.

"Amelala chini!" alisema. "Yule mama wa ngozi! Nimefungua stoo nichukue unga, namkuta amejinyoosha sakafuni kama maiti, macho kayatoa kwenye kile kidirisha. Nikamwambia, mama, vipi? Ananijibu, 'Mgongo.' Mgongo! Kitanda nimempa, godoro nimempa, mgongo unataka stoo?"

Mchana wake alionekana chini ya meza ya chakula. Safari hii ni Kaka aliyemwona, na Kaka hakuwa mtu wa kukimbia wala kupiga kelele. Alisimama mlangoni mpaka mgeni akajiinua mwenyewe, akajipangusa, akapita kando yake akisema samahani. Kisha Kaka akafunga mlango akawaita dada yake na mkewe.

Kaka alikuwa mrefu, mwenye sauti ya madhabahuni ingawa kanisani alikuwa haendi. "Anatafuta kitu sakafuni," alisema. "Na mtu anatafuta nini sakafuni kwenye nyumba ya zamani? Hati. Kuna mtu amemwambia babu alificha hati za ardhi chini ya mbao."

"Alificha?" wifi aliuliza haraka.

"Hati ziko benki, mke wangu. Ninachosema ni kile anachodhani yeye." Akakaa. "Nyinyi hamkumbuki. Nilikuwa kijana. Mwanamke mmoja alikuja getini kwa miguu, mjamzito, akasema ana ndugu zake hapa, ana haki ya kuingia. Baba alitoka na bunduki mkononi. Hakumtisha, aliishika tu. Yule mwanamke akageuka akaondoka. Baba akaniambia, siku moja watarudi kwa njia nyingine."

"Watarudi kina nani?" Mama Funguo aliuliza.

Kaka alimtazama kana kwamba ameuliza jua linachomozea wapi. "Funga vyumba vyote vya chini," alisema. "Na usimwache peke yake hata kidogo. Akienda msalani, msubiri nje."

Basi Mama Funguo akafunga vyumba, akawa kivuli cha mgeni. Kazi hiyo ilimchosha kuliko alivyotarajia, maana mgeni alikuwa mtembezi. Alilizunguka kanisa, akaenda zizini, akaenda mpaka ufukweni na kurudi, na kila mahali alisimama akiangalia kilima kilicho nyuma ya nyumba, kile chenye vilele viwili. Mwisho akafika joshoni. Msimu wa kuogesha ulikuwa umepita na josho lilikuwa kavu. Akakaa ukingoni, mahali ambapo ukuta unazuia upepo, akasema bila kugeuka, "Njoo ukae, dada. Umenifuata tangu asubuhi, miguu lazima inauma."

Mama Funguo akakaa. Kujitia hamnazo kusingesaidia tena.

"Unatafuta nini?" alimwuliza.

"Ngozi."

"Ngozi hazitafutwi kwa kulala stoo mchana kweupe ukiangalia dirisha."

Mgeni akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyebanwa. Kisha akavua kofia yake ya sufu, akaishika magotini.

"Mimi ni mpishi," alisema. "Napika kwenye shule ya bweni, mjini. Kadogo wenu alikuwa bibi yangu. Mzaa mama."

Mama Funguo alisikia funguo zikigongana, akagundua ni yeye mwenyewe amezishika.

"Mama yangu alikuja hapa mara moja, nikiwa tumboni," mgeni aliendelea. "Alirudishwa getini bila hata maji ya kunywa. Kwa hiyo nikasema nitakuja na ngozi. Ningekuja na jina la bibi yangu, nisingepita."

"Unataka nini?" Mama Funguo alisikia sauti yake imekuwa ya Kaka, na hakuipenda.

"Bibi alinilea. Tulilala chumba kimoja, mji mzima unapiga kelele nje. Yeye alikuwa hawezi kulala mpaka alalie ubavu wa kulia, uso umeelekea ukutani. Ukuta mtupu! Nikimwuliza, unaangalia nini, bibi? Anasema, naangalia kwetu. Halafu anaanza kunieleza. Kilima cha vilele viwili. Mti mmoja uliolazwa na upepo. Na bomba la moshi lenye kofia ya bati iliyopinda upande. Alikuwa akisema, 'Moshi ukianza kutoka, najua kumekucha.' Kila siku hivyohivyo, mpaka akafa. Nimekuja kulala pale alipolala, nione alichokiona. Ni hilo tu."

Upepo ulipita juu ya ukuta ukipiga filimbi. Mgeni alielekeza kidole kwenye kilima. "Kilima ni kile. Mti ule pale. Stoo na chumba cha kulia chakula ndivyo pekee vinavyoangalia huko, nimelala kote, nimeona kilima na mti. Bomba la moshi sioni. Zamani kulikuwa na nyumba ya wafanyakazi upande ule? Labda ilibomolewa?"

"Haijawahi kuwepo," Mama Funguo alisema.

Bomba lenye kofia ya bati iliyopinda analijua. Alikua chini yake. Ni la jikoni. Liko juu ya paa la nyumba ileile, na mtu aliye ndani ya nyumba, hata atoe shingo dirishani mpaka ivunjike, hawezi kuliona.

Alimtazama mgeni kwa pembe ya jicho. Je, kweli hajui? Siku ya tatu anazunguka uani, hajainua macho akaona bomba la jikoni? Huenda anajua. Huenda alijua kabla ya kupanda lori, na stoo na chini ya meza ni maigizo, na anachosubiri ni mmoja wao aliseme kwa kinywa chake mwenyewe. Wazo hilo lilimuuma Mama Funguo, na kilichomuuma zaidi ni kuona jinsi lilivyokuja upesi.

"Sijui nikusaidieje," alisema, akainuka.

Hakwenda ndani. Alipita nyuma ya zizi mpaka banda la sufu, jengo refu la mbao linaloikabili nyumba kwa upande wa jikoni. Ndani alikuwepo seremala tu, ameinamia ubao mkubwa wa geti ambao Kaka alikuwa ameuagiza kwa ajili ya wageni wa kiangazi kile. Historia nzima ya familia ilikuwa inachomwa juu yake kwa chuma cha moto, herufi kwa herufi. Alikuwa amefika mstari wa tano: *KADOGO, MTOTO WA KULEA, ALIYEKUWA MMO*. Harufu ya mbao iliyoungua ilikuwa imechanganyika na mafuta ya sufu.

"Unapita, Mama Funguo?" seremala aliuliza.

"Napita."

Alikwenda mpaka mwisho wa banda, nyuma ya mashine ya kushindilia marobota. Pale palikuwa na kona ambayo hakuna aliyeitumia, imejaa magunia makuukuu. Alikuwa ameipita maisha yake yote. Akayasogeza magunia. Chini yake sakafu ilikuwa tofauti na kwingineko. Mbao zilikuwa laini, zimelainishwa na kitu kilichozisugua kwa muda mrefu. Akapiga magoti, akajilaza kwa ubavu wa kulia.

Mbele ya jicho lake palikuwa na tundu, mahali ambapo fundo la mbao liling'oka zamani. Upepo mwembamba, wa baridi kama sindano, ulipita tunduni ukamgusa mboni. Akafumba, akafumbua. Akaona kilima chenye vilele viwili. Akauona mti. Na katikati, juu ya paa, aliona bomba la jikoni na kofia yake iliyopinda, likitoa moshi wa supu ya wifi.

Alibaki pale. Alijaribu kuwaza pangekuwaje wakati wa theluji na akaacha kuwaza.

"Mama Funguo!" Seremala alikuwa amesimama juu yake na chuma chake mkononi. "Umeanguka?"

"Hapana."

"Basi na wewe umeambukizwa? Maana nasikia mgeni wenu naye—"

"Rudi kwenye kazi yako," alisema, kwa upole, akajiinua.

Shangazi alikuwa anakunywa chai alipoingia. Mama Funguo alivuta kigoda akakaa karibu na magoti yake, kama alivyokaa alipokuwa mtoto.

"Shangazi, niambie tena kuhusu Kadogo."

"Nimekwisha kuambia mara ngapi? Tulilala kitanda kimoja. Yeye ukutani, mimi huku."

"Mpaka lini?"

Kikombe kilisimama njiani. "Mpaka lini nini?"

"Mlilala kitanda kimoja mpaka lini?"

Mzee alirudisha kikombe kwenye kisahani, na ilimchukua muda kukiweka sawasawa. "Alikuwa anakohoa," alisema. "Ule mwaka wa kwanza. Wenzake wote walikufa kwa magonjwa, na yeye anakohoa, na sisi watoto tulikuwa wanne. Mama aliogopa. Ungekuwa wewe usingeogopa? Akasema akalale bandani, kuna sufu, kuna joto, mpaka kikohozi kiishe."

"Kiliisha?"

"Kiliisha."

"Halafu?"

Shangazi aliangalia bahari. "Halafu ukaja msimu wa kunyoa kondoo, kila mtu ana kazi. Halafu ikaja baridi. Akawa amezoea. Asubuhi alikuwa anaamka kabla ya wote, anaanza kazi kulekule. Hakuna aliyesema abaki huko, mwanangu. Ila hakuna aliyekumbuka kumrudisha."

Mama Funguo alikisogeza kikombe kisianguke.

"Nilikuwa nampelekea mkate," shangazi alisema. "Si kila siku."

"Na aliondokaje?"

"Alikuwa ameshakuwa mwanamwali. Asubuhi moja jikoni moto ukawashwa, yeye hakuja. Baba alikwenda kuhesabu kondoo kwanza. Wote walikuwepo." Aliguna. "Ndipo mama akalia."

Kisha, kama mtu aliyeshtuka kwamba ameacha mlango wazi, uso wake ukajifunga. "Kwani nani anauliza? Ni yule mnene wa koti la bluu? Nilimjua alipoingia tu. Ana kipaji cha uso kilekile. Mwambie tulilala kitanda kimoja. Umenisikia? Mwambie hivyo."

Asubuhi iliyofuata Mama Funguo alimkuta mgeni uani. "Njoo," alimwambia, na njiani hakueleza kitu, maana aliogopa akianza kueleza atatafuta maneno mazuri. Alimfikisha kwenye kona, akamwonyesha tundu, akasogea pembeni.

Mgeni alivua koti. Alijilaza taratibu, kama anayelala kando ya mtu asiyetaka kumwamsha. Kwa muda kulikuwa na sauti ya chuma cha seremala tu upande wa pili. Kisha mabega ya mgeni yakaanza kutikisika. Hakutoa sauti. Mama Funguo alitamani kumgusa, akaona mkono wake si wa kumgusa mtu huyu saa hii.

"Ni bomba la jikoni kwenu," mgeni alisema akiwa palepale chini.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alikuwa nje."

"Alikuwa nje. Ulikuwa unajua?"

Mgeni aligeuza uso kutoka tunduni. "Nilianza kushuku jana," alisema. "Nilipokuona umeinuka ghafla. Kabla ya hapo, hapana. Bibi alisema siku zote, 'nilipokuwa nalala kwa mchungaji.' Mimi nikaona kitanda. Nikaona shuka."

Kivuli kikaanguka sakafuni. Kaka alikuwa amesimama kando ya mashine, na nyuma yake wifi, aproni imejaa unga, anachungulia.

"Kwa hiyo ndiko ziliko?" Kaka aliuliza. "Hizo hati?"

"Hakuna hati, Kaka," Mama Funguo alisema. "Huyu ni mjukuu wa Kadogo. Hapa ndipo Kadogo alipolala. Miaka yote. Shangazi ameniambia."

"Shangazi ni mzee."

"Lala uone mwenyewe. Kuna tundu."

"Mimi silali bandani."

"Yeye alilala."

Kaka hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alimtazama yule mwanamke aliyekuwa akijiinua, kisha akamgeukia dada yake na kushusha sauti, na kwa sauti hiyo Mama Funguo alijua kwamba ameshaamini, tena upesi kuliko yeye.

"Unajua ulichofanya?" alisema. "Mtoto wa kulea ni kitu kimoja. Mtu aliyelala kwenye sufu na kufanya kazi tangu utoto mpaka ukubwa bila mshahara, wakili ana jina jingine la kumwita. Na wewe umemshika mkono mjukuu wake ukamleta mpaka hapa."

"Ni kweli, au si kweli?"

"Sikuulizi hilo!" Akamgeukia mgeni. "Mama, sema unachotaka. Sema hapa, mbele ya mashahidi."

Mgeni alikuwa anavaa koti lake, kifungo kimoja kimoja.

"Sikuja kwa ajili ya kondoo wako," alisema. "Nilikuja kulala hapa, nimelala. Ila nikiwa napita nimesoma ule ubao." Alimwelekezea kidole seremala, ambaye alikuwa ameganda na chuma chake hewani. "Ule mstari uufute. Andikeni mtakavyo kuhusu babu yenu. Bibi yangu msimwite mmoja wenu."

"Na nikiufuta, umemaliza? Hutarudi? Hutaleta mtu?"

"Hilo siahidi."

"Unaona?" Kaka alimwambia dada yake, karibu kwa furaha. "Unaona?"

"Baba yako alimfukuza mama yangu bila kumwuliza anataka nini," mgeni alisema. "Wewe angalau umeuliza. Lakini kuapa sitaapa. Bibi aliondoka hapa mikono mitupu na bado mlihesabu kondoo."

Mama Funguo hakuwa amemwambia habari ya kondoo. Ina maana Kadogo alijua, au alikisia. Aliwajua vya kutosha kukisia. Kaka alimwashiria seremala kwa kidevu. "Malizia kama nilivyokuagiza," alisema, akatoka.

Lori la posta lilipofika, Kaka alisimama getini akiangalia mkoba wa mgeni ukipandishwa. Hakuupekua, ingawa macho yake yaliupekua. Mama Funguo na mgeni walipeana mikono. Hawakukumbatiana. Hawakuwa wamefika huko. "Mama bado yupo hai," mgeni alisema akiwa ameshapanda. "Nitamweleza habari ya tundu." Basi.

Siku ileile Kaka alimtuma mtu kukagua uzio wote, na yeye mwenyewe akalizunguka banda la sufu kwa nje, akasimama mahali fulani kwa muda. Mama Funguo alidhani ataliziba tundu. Hakuliziba. Labda aliogopa kwamba kuliziba kungeonekana.

Ubao uliwekwa getini na mstari wake mzima. Mama Funguo alimwambia kaka yake kwamba hatatembeza tena wageni, kitita cha funguo akakitundika kwenye msumari jikoni, na kwa wiki mbili ndugu hao waliongea habari za mvua na kwato tu. Kazi ya kuwatembeza ikamwangukia wifi. Wifi aliipenda. Alivaa gauni zuri, akajifunza maneno yote, na kwa siku chache za kwanza alisema ya Kadogo kama ilivyo desturi, watu wakaguna kama ilivyo desturi.

Siku moja katika kundi la wageni alikuwepo kikongwe mmoja mwenye mkongojo, mtu wa maswali. Aliitazama picha akauliza, "Mbona amesimama mbali hivyo?" Wifi alifungua mdomo. Mama Funguo, aliyekuwa akimenya viazi chumba cha pili, aliacha kisu kikapumzika. Akamsikia wifi akisema, kwa sauti ndogo isiyokuwa ya gauni zuri, "Njooni niwaonyeshe."

Aliwavusha uani, wote, mpaka bandani. Kaka alikuwa juu ya ngazi akirekebisha bati la zizi, akauona mstari wa watu ukiingia mlangoni. Alibaki juu ya ngazi na nyundo yake. Mbele ya wageni asingeweza kufanya kitu.

Wakati wa chakula alimwuliza mkewe, bila kuinua uso, wageni walisema nini.

"Hawakusema kitu," wifi alijibu. "Walilala chini mmoja mmoja. Yule mzee mwenye mkongojo ilibidi tumwinue watu watatu. Nami nililala. Kuna baridi pale, we acha tu."

"Kuna aliyepiga picha?"

"Wote."

Kaka aliacha kutafuna. Kisha akaendelea, na hapakuwa na ugomvi, wala siku ile wala baadaye, na wifi hakuulizwa tena alikowapeleka watu.

Hakuna wakili aliyekuja mpaka sasa. Shangazi alifariki baridi iliyofuata akiwa bado anasema kitanda kimoja. Yule mpishi hajarudi wala hajaleta habari. Lakini gari lolote likisikika upande wa kilima, Kaka huacha alichoshika, akatoka nje, akasimama mbele ya nyumba ameweka mikono kiunoni. Mama Funguo naye hutoka, ila yeye hushuka mpaka getini akashika komeo. Hawasemeshani. Wanasubiri hivyo, kila mmoja na lake moyoni, mpaka gari linapokaribia na kuonekana ni la nani.